Mtoto wa kike au wa kiume: nani anayeamua?

Jumanne asubuhi, katikati ya kipindi cha afya, simu ya studio ilipokea ujumbe mrefu kutoka kwa mama mmoja. Ana watoto wanne, wote wa kike. Mama mkwe ameshasema wazi kwamba nyumba haiwezi kukaa bila mtoto wa kiume, mawifi wanamwita "mwenye tumbo la kike", na mume, ambaye zamani alikuwa akimtetea, siku hizi ananyamaza. Kuna binti wa kijiji cha jirani ameanza kutajwatajwa. Swali la mama lilikuwa fupi kuliko maelezo yake: afanye nini ili mimba ya tano iwe ya mtoto wa kiume?

Tulisoma ujumbe ule hewani bila kutaja jina wala kijiji, na kabla wimbo haujaisha simu zilikuwa zimejaa. Mmoja alimshauri mizizi ya kuchemsha, mwingine akampa hesabu ya siku za kukutana na mumewe. Baba mmoja, kwa sauti ya mtu asiye na shaka, akasema shamba likitoa mazao mabaya usimlaumu aliyepanda.

Mfano wake wa shamba ni mzuri, ila ameushika kinyume. Ukipanda mahindi, ardhi haiwezi kukupa maharage. Ardhi inaweza kuwa nzuri au mbaya, mmea ukastawi au ukanyauka, lakini ni zao gani linaota, hilo limekuja na mbegu.

Dakika zetu ziliishia hapo, taarifa ya habari ikaingia. Ndiyo maana tumeliandika jambo hili hapa, msikilizaji, ulisome taratibu kwenye simu yako, na ukipenda umsomee aliye karibu nawe.

Jibu lenyewe si refu. Jinsia ya mtoto inaamuliwa na mbegu ya baba, wakati uleule inapoingia kwenye yai la mama. Mwili wa mama hautoi kile kinachomfanya mtoto awe wa kiume, kwa sababu hauna kitu hicho. Baba anacho, lakini hawezi kukichagua wala kukituma. Yaliyobaki hapa chini ni maelezo ya kwa nini iko hivyo.

Nyuzi 46

Mwili wa binadamu umejengwa kwa vyumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho matupu, vinavyoitwa seli. Ndani ya karibu kila seli kuna nyuzi zilizokunjwakunjwa ambazo zimebeba maelekezo ya kumjenga mtu: rangi ya macho, kundi la damu, umbo la pua, na mengine maelfu kwa maelfu. Nyuzi hizo ndizo kromosomu. Vinasaba ambavyo watu hupimwa pale panapokuwa na ugomvi wa mtoto ni wa nani, vimo humo.

Binadamu ana kromosomu 46, zikiwa katika jozi 23. Katika kila jozi moja imetoka kwa mama na moja kwa baba. Hesabu hii ya 46 si ya zamani kama unavyoweza kudhani. Kwa zaidi ya miaka 30 wataalamu duniani waliamini ni 48, na vitabu vya shule vikaandika hivyo, mpaka mwaka 1956 Joe Hin Tjio, mzaliwa wa Java huko Indonesia, na mwenzake Albert Levan walipozihesabu upya katika maabara ya Lund nchini Sweden na kutangaza kwamba ni 46. Basi kama babu yako alisoma ya 48, usimcheke. Aliyemfundisha naye alifundishwa hivyo.

Jozi 22 ni za namna moja kwa mwanamke na mwanaume. Jozi ya 23 ndiyo inayohusu kesi yetu. Kwa kawaida mwanamke ana kromosomu mbili zinazofanana, zote zinaitwa X. Mwanaume ana X moja, na nyingine fupi zaidi inayoitwa Y. Kwa kifupi, mama ni XX na baba ni XY.

Sasa sikiliza sehemu hii kwa makini. Mwili unapotengeneza yai la mama au mbegu ya baba, hauweki jozi nzima. Unachukua kromosomu moja tu kutoka kila jozi. Kwa hiyo yai lina 23 na mbegu ina 23, na zikikutana zinarudi kuwa 46. Mama mwenye XX, achukue hii au achukue ile, yai lake litabeba X. Hana kingine cha kutoa. Baba mwenye XY, mbegu zake karibu nusu zinabeba X na karibu nusu zinabeba Y. Mbegu ya X ikiwahi yai, mtoto anakuwa XX, wa kike. Mbegu ya Y ikiwahi, anakuwa XY, wa kiume.

Na mbegu hizo si kumi wala mia. Kwa tendo moja baba hutoa mamilioni mengi, makumi ya mamilioni au hata mamia. Zinasafiri, nyingi zinafia njiani, na inayoingia kwenye yai ni moja. Hakuna anayejua ipi itafika, si baba, si mama, si daktari.

Sarafu haina kumbukumbu

Chukua sarafu ya shilingi 100, uirushe juu. Inaweza kuangukia upande wa Mwalimu au upande wa swala. Rusha mara nne. Mara nyingi utapata mchanganyiko, lakini ukirudia zoezi hilo kutwa nzima, kuna mizunguko ambayo utapata swala mara nne mfululizo. Hukufanya kosa lolote, na sarafu haina ubovu.

Uzazi uko karibu hivyohivyo. Uwezekano wa watoto wanne kuwa wa kike wote ni kama mmoja kati ya 16. Maana yake, kwenye kata yenye familia 160 za watoto wannewanne, tarajia kukuta kama kumi zenye wasichana watupu, na kama kumi nyingine zenye wavulana watupu. Hazijarogwa, wala hakuna laana ya ukoo. Ni hesabu.

Hapa wengi hukosea upande wa pili: wanadhani kwa kuwa wamekuja wasichana wanne, wa tano "lazima" awe wa kiume, zamu yake imefika. Sarafu haikumbuki iliangukia wapi jana. Mimba ya tano inaanza upya kabisa, nusu kwa nusu. (Tukisema kwa usahihi zaidi si nusu kamili. Kwa wastani wa dunia huzaliwa wavulana kama 105 kwa kila wasichana 100, lakini tofauti hiyo ni ndogo mno kwa familia moja kuitegemea.)

Basi tumrudie yule binti wa kijiji cha jirani. Baba akioa mke wa pili anakwenda kwake na mbegu zilezile, nusu X, nusu Y. Mke mpya hana Y ya kumwongezea. Akizaa mtoto wa kike, watu watasema nyumba ina mkosi. Akizaa wa kiume, na uwezekano huo ni nusu, watu watasema "mnaona sasa, shida ilikuwa kwa yule wa kwanza". Hapo ndipo uongo unapopata shahidi. Kumbe hata mke wa kwanza angebeba mimba hiyohiyo ya tano, nafasi yake ya kupata wa kiume ingekuwa ileile.

Baada ya kueleza haya hewani, mwanaume mmoja alipiga simu akauliza kwa unyonge, je, ina maana kosa ni langu? Hapana, kaka. Hatukuandika makala hii ili mzigo utoke kichwani kwa mama utuliwe kwa baba. Kuwa na mbegu zenye X na Y ndiyo afya ya mwanaume. Hakuna misuli ya kuzipanga foleni. Tunajua ni rahisi zaidi kuishi na jambo lenye wa kulaumiwa, lakini hili halina.

Aliyeligundua alikuwa anachunguza wadudu wa unga

Kwa karne nyingi watu wa kila bara walikisia. Wengine walisema ni chakula cha mama, wengine joto la mwili, wengine upande wa tumbo ambao mtoto amelalia. Hata wasomi wa Ulaya na Marekani, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1800, wengi waliamini ni hali inayomzunguka mama wakati wa ujauzito.

Mwaka 1905 mwanamke Mmarekani, Nettie Stevens, alikuwa katika chuo cha Bryn Mawr, Pennsylvania, akichunguza kwa hadubini mdudu ambaye wewe mkulima unamfahamu au unamfahamu ndugu yake, maana mabuu yake hula unga na nafaka ghalani. Alihesabu kromosomu zake. Jike alikuwa na 20, zote kubwa. Dume naye alikuwa na 20, ila 19 kubwa na moja ndogo. Akatazama mbegu za dume: nusu zilikuwa na ile ndogo, nusu hazikuwa nayo. Akaona kwamba jinsia ya kizazi kinachofuata inatokana na aina ya mbegu iliyolifikia yai. Mwaka huohuo Edmund Wilson, aliyekuwa New York, naye aliandika mambo yanayofanana na hayo kwa kuchunguza wadudu wengine.

Stevens alikuwa ameanza kama mwalimu wa shule, akaingia chuo kikuu alipofika miaka 35. Alifariki 1912 kwa saratani ya matiti. Sifa nyingi zilikwenda kwa wanaume wa wakati wake, na sisi tunaona ina uchungu fulani kwamba aliyetoa ushahidi wa kuwaondolea wanawake lawama hii alikuwa mwanamke, na bado zaidi ya miaka 100 baadaye lawama iko palepale sebuleni kwa mama mkwe.

Kwa binadamu uthibitisho ulikuja baadaye. Mwaka 1959 madaktari wa Uingereza walionyesha kwamba mtu mwenye kromosomu tatu, XXY, ana mwili wa kiume, na mwenye X moja peke yake, bila Y, ana mwili wa kike. Hivyo ikajulikana kwamba kinachohesabika si idadi ya X, ni kuwapo kwa Y. Mwaka 1990 watafiti wa London wakapata sehemu ndogo ndani ya Y inayofanya kazi hiyo, jeni iliyopewa jina SRY. Mwaka uliofuata waliiweka jeni hiyo kwenye kiinitete cha panya chenye XX, ambacho kilipaswa kuwa jike. Alizaliwa panya dume.

Kazi ya SRY ni kama ya swichi. Mpaka kama wiki ya sita ya kukua kwake, mtoto wa XX na wa XY tumboni wako sawa kabisa. Kila mmoja ana vichipukizi ambavyo vinaweza kuwa korodani au ovari, na ana mirija ya aina zote mbili. Swichi ikiwashwa, vichipukizi vinakuwa korodani, na korodani zinaanza kutoa homoni. Moja, testosteroni, inajenga viungo vya kiume. Nyingine inaiondoa mirija ambayo ingekuwa mji wa mimba. Pasipo swichi hiyo, njia inayofuatwa ni ya ovari na mji wa mimba. Tofauti ya nje inaanza kuonekana kama wiki ya 12, na kwa ultrasaundi mtaalamu huweza kusema kwa uhakika zaidi kuanzia wiki ya 18 hadi 20.

Angalia kalenda hiyo vizuri, kwa sababu inajibu swali la dawa. Mama anapokosa siku zake na kushtuka kwamba ni mjamzito, mbegu na yai vimeshakutana kama wiki mbili nyuma. Jambo limeshaamuliwa. Hakuna mzizi, maombi ya kulipia wala chai itakayoitoa X na kuiweka Y. Mwenye kuuza dawa ya kumgeuza mtoto atapatia mara moja kati ya mbili bila kufanya chochote. Wanaopata hurudi kumshukuru na kuku, na wasiopata huona aibu kusema. Biashara gani nyingine ina faida hivyo?

Na zile hesabu za siku? Zinadai kwamba mbegu za Y zina mbio na za X ni za polepole lakini zinadumu, hivyo ukikutana na mwenzako siku fulani utapata jinsia fulani. Watafiti nchini Marekani walifuatilia wanawake 221 waliokuwa wakitafuta mimba, wakiandika siku zao, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 hayakuonyesha uhusiano wowote kati ya siku ya tendo na jinsia ya mtoto. Siku zina umuhimu kwa kupata au kutopata mimba. Kwa jinsia, hapana. Kuhusu kujisafisha ukeni kwa ndimu au magadi ili "kuandaa njia", hilo tunakataza moja kwa moja: linachubua, linaua vijidudu rafiki wanaoulinda uke, na kufungulia mlango maambukizi.

Nenda bandani ukaone

Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa pengine ameshatangulia mbele yetu. Katika uhimilishaji, yaani kupandisha ng'ombe kwa mbegu za kwenye mrija badala ya kumpeleka kwa dume, kuna mbegu zilizochaguliwa ili zizae mitamba. Inawezekana vipi? Ni kwa sababu X ni kubwa kuliko Y. Mbegu ya ng'ombe yenye X ina vinasaba vingi zaidi kwa takriban asilimia 4. Maabara huzipaka rangi maalumu, mashine huzipitisha moja moja mbele ya mwanga na kuzitenga. Karibu ndama tisa kati ya kumi hutoka majike kama ilivyokusudiwa. Umeona wanachochagua ni mbegu za dume. Hakuna kampuni inayouza yai la ng'ombe lenye uhakika wa jinsia, kwa kuwa mayai yote ni X.

Kwa kuku mambo yamegeuka. Jogoo ana kromosomu mbili zinazofanana na tetea ndiye mwenye tofauti, kwa hiyo kifaranga kuwa jogoo au tetea kunategemea yai la mama yake. Yule baba wa simu angekuwa anazungumzia kuku, tungempa ushindi. Nyuki wana utaratibu wao tena: yai lililorutubishwa linatoa jike, lisilorutubishwa linatoa dume, hivyo nyuki dume hana baba. Kasa wa baharini hawatumii kromosomu kabisa kwa jambo hili. Mayai yakifukiwa kwenye mchanga wa moto hutoka majike, mchanga wa baridi madume.

Damu ya ukoo

Tukiwa wakweli, kinachowaumiza wazee wengi si elimu ya seli. Ni hofu kwamba jina litapotea na damu ya ukoo itaishia hapo. Jina ni mila, na mila hujadiliwa na wenyewe. Lakini kuhusu damu, tunalo la kusema.

Mtoto wa kike amebeba kromosomu 23 za baba yake, sawa na mtoto wa kiume. Tena ukipima kwa wingi wa vinasaba, binti anazidi kidogo. Baba anampa mwana wa kiume Y, anampa binti X, na X ina urefu zaidi ya mara mbili ya Y. Kwa hiyo mwenye wasichana wanne hajapungukiwa na chochote cha kwake ndani yao. X ile ya baba aliipata kwa mama yake. Maana yake yule bibi anayelalamika kwamba nyumba ya mwanawe imejaa wasichana, X yake iko ndani ya kila mmoja wao. Wajukuu wa kiume kutoka kwa mwanawe huyo wasingekuwa nayo.

Pale mambo yasipofuata mstari

Tumesema "kwa kawaida" mara kadhaa, na tulikuwa na sababu. Kuna wasichana wanaozaliwa na X moja tu, kama mmoja kati ya 2,000 hadi 2,500. Wengi huwa wafupi na hawavunji ungo bila msaada wa daktari. Kuna wavulana wenye XXY, kati ya mmoja kwa 500 na mmoja kwa 1,000, ambao wengi hawajui mpaka wanapotafuta mtoto bila mafanikio. Kuna mtu mwenye XY ambaye mwili wake hauitikii testosteroni hata kidogo, akazaliwa na kukua na umbo la kike. Akifika umri wa kuvunja ungo na hedhi isije, ndipo hospitali wanagundua.

Wapo pia watoto ambao wakunga wakiwapokea hawawezi kusema mara moja ni wa kike au wa kiume. Huitwa huntha, au watu wenye jinsia tata. Si adhabu, na si jambo geni, ila lilifichwa. Kenya iliwahesabu kwa mara ya kwanza katika sensa ya 2019 na kupata watu 1,524, na Sheria ya Watoto ya nchi hiyo ya mwaka 2022 inamtambua mtoto huntha kwa jina na kukataza viungo vyake kubadilishwa au kuondolewa bila ushauri wa daktari.

Hapa tunaomba usome polepole, hasa mama, bibi na mkunga wa jadi. Mojawapo ya sababu za mtoto kuzaliwa na sehemu za siri zisizoeleweka ni hitilafu ya tezi zilizo juu ya figo. Mtoto anaweza kuwa XX, msichana mwenye ovari na mji wa mimba, lakini tezi hizo zimetoa homoni za kiume kupita kiasi akiwa tumboni, na kwa nje akaonekana kama mvulana. Katika aina kali ya hitilafu hiyo mwili unapoteza chumvi. Kati ya wiki ya kwanza na ya tatu mtoto anaanza kutapika, hanyonyi vizuri, analegea, anaishiwa maji, na anaweza kufa ndani ya muda mfupi huku nyumbani wakidhani ni kuhara au jicho la watu. Akiwahi hospitali na kugundulika, anaishi kwa dawa za kila siku, anakua, anakwenda shule.

Kwa hiyo mtoto akizaliwa hivyo, usimfiche ndani kwa kusubiri "apate umbo". Mpeleke hospitali ya wilaya au ya mkoa katika siku zake za mwanzo, hata kama ananyonya na anaonekana mzima, na umwambie daktari kwa uwazi ulichokiona. Akishaanza kutapika na kulegea, usisubiri asubuhi.

Mama aliyetutumia ujumbe ametuambia atamsomea mumewe makala hii, jioni, watoto wakishalala. Swali la mapacha, kwa nini wengine wanafanana kama sarafu mbili na wengine ni kaka na dada, lilitumwa na watu wengi, na tutalichukua katika kipindi cha Jumanne ijayo.